Fundi Puto na Tao la Kimya

Kwanza tuelewane: Fundi Puto hakuwa muuza maputo. Ukimwita hivyo alinuna mpaka jioni. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye cherehani mbili na macho ambayo hayakuhitaji chaki kufuata mstari, ila badala ya kushona suruali na magauni kama wenzake alishona vitu vya kujazwa upepo. Alishona matao makubwa ya kupita chini yake, mienge yenye ndimi za kitambaa chekundu, vikombe vya ushindi virefu kuliko mlango, na mkimbiaji mmoja wa buluu ambaye upepo ukimkolea alirusha mikono kana kwamba anafukuza nyuki. Vyote hivyo vilikuwa na safari moja tu, viwanja vya shule, siku ya michezo.

Kuhusu siku hiyo alikuwa na imani yake, na ukimpa nafasi angekuhubiria mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. "Mtoto akimaliza mtihani anapewa karatasi," alikuwa anasema. "Akimaliza mbio anapewa nini? Kelele tu. Mimi nasema apewe mlango. Apite mahali, ajue ametoka huku ameingia kule." Alidai kwamba hata yule wa mwisho kabisa, anayefika wenzake wakiwa wameshakunywa maji na kukaa kivulini, akiliona tao hunyoosha mgongo na kuongeza mwendo. Watu walimcheka. Lakini waliokwenda kuangalia walirudi wakisema ni kweli, na shule moja baada ya nyingine ikamtafuta.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule haikuwa yake. Hapo mkewe, aliyekuwa msusi, alikuwa na viti vitatu, kioo kirefu na wateja wasioisha maneno. Fundi alishonea chumba cha nyuma, na kwa kuwa tao moja lina kitambaa cha kutandika ua mzima, miguu ya tao ilikuwa ikitokea mlangoni, inavuka korido na kuishia chini ya viti vya wateja. Wanawake walisukwa miguu wameiweka juu ya mstari wa kumalizia mbio. "Baba nanihii," mkewe angepaza sauti, "vuta mguu wako huu, mtu anataka kupita." Na wateja wangecheka kwa namna ambayo fundi alijifanya haielewi.

Katika kazi yake kulikuwa na siri moja ambayo haikuwa siri. Tao la kushonwa linavuja. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na matundu hayo ni maelfu. Ndiyo maana pembeni ya tao huwa kuna mashine ya upepo inayonguruma bila kupumzika, inaingiza hewa mguuni huku hewa nyingine ikitoka taratibu kwenye mishono. Walimu wageni walikuwa wanashtuka wakisikia upepo unavuja, naye anawatuliza: "Msiogope, linapumua." Kelele ya mashine hiyo, pamoja na jenereta lake, ilikuwa kubwa kiasi kwamba kusimama karibu nayo ni sawa na kuwa kiziwi. Fundi Puto alisimama karibu nayo miaka kumi na tisa.

Aliyemtia kwenye kazi hiyo ni dada yake.

Walizaliwa wawili tu. Dada alimtangulia kwa miaka minne, akambeba mgongoni mpaka watu wakafikiri amezaliwa na kibiongo. Yeye darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mdogo wake alikuwa anakwenda shule kwa sababu dada anakwenda. Dada akasoma, akawa mwalimu wa michezo. Mdogo akarithi cherehani ya mama yao, ambaye alikuwa mshonaji wa sare, na akashona sare kwa miaka mingi bila kuipenda hata moja.

Siku moja Dada alifika kwake na filimbi bado inaning'inia shingoni, akakaa juu ya rundo la kaptula. "Mdogo wangu," akasema, "leo nimeona aibu. Watoto wanakimbia kufa na kupona, halafu mwisho wa mbio kuna chokaa na kamba ya manila imeshikwa na walimu wawili wanaopiga soga. Mtoto anafika kwenye kamba utadhani anakamatwa. Nishonee kitu." Akamwuliza kitu gani. "Sijui. Kitu kikubwa. Kitu cha kuwafanya waone kwamba tuliwasubiri."

Tao la kwanza walilishona pamoja, Jumapili nne mfululizo, yeye kwenye cherehani, Dada amepiga magoti anasukuma kitambaa na kutoa amri. Lilikuwa limepinda upande mmoja. Mama yao alikuja kulitazama, akalizunguka, akasema linafanana na marehemu shemeji yake akitoka kilabuni. Walicheka mpaka Dada akajilaza sakafuni. Baadaye fundi alishona matao mengi yaliyonyooka, lakini hakuna aliloliwaza mara nyingi kama lile lililopinda.

Kwa miaka kumi mambo yalikuwa hivyo. Siku ya michezo ya shule ya Dada ilikuwa sikukuu yao wawili. Alifika alfajiri na mkokoteni wake, Dada anamsubiri getini na chupa ya chai, wanabishana tao likae wapi, wanakasirikiana kidogo, wanapatana kabla chai haijapoa. Walikuwa chanda na pete.

Kisha mama akaugua. Aliugulia kwa Dada, maana nani mwingine angempokea? Kwa fundi hata kitanda kilikuwa kinasogezwa ili kitambaa kipite. Miaka mitatu Dada alimwogesha, akamlisha, akamsomea barua, kwa sababu macho ya mama yalikuwa yamefifia na mwishowe yakazima kabisa. Fundi alikuwa anakwenda Ijumaa, anakaa kitandani, anamchekesha, anaondoka. Mama alikuwa anaisubiri Ijumaa kama mtoto. Dada ndiye aliyebaki na siku nyingine sita.

Siku ambayo mama alizidiwa haikuwa Ijumaa. Fundi alikuwa kwenye shule nyingine, amesimama palepale anaposimama siku zote, kati ya mashine na jenereta, simu yake ikiwa kwenye mfuko wa koti alilolitundika kwenye mkokoteni. Watoto walikuwa wanapita chini ya tao, naye anawapigia makofi. Alipozima mashine mchana na masikio kumfunguka, akachukua simu akakuta ameitwa mara kumi na moja. Zote ni Dada. Alifika jioni, watu wameshakaa kwenye mikeka. Mama mdogo alimshika bega na kumwambia, bila ubaya wowote, "Amekuulizia sana, mwanangu. Amekuulizia mpaka mwisho." Maneno hayo yalimwingia na hayakutoka tena.

Baada ya mazishi Dada alimwangalia mara moja tu. "Baki na upepo wako," akasema. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na labda Dada mwenyewe alijua, lakini hakulirudisha neno lake. Fundi naye hakujitetea. Angejitetea na nini?

Miaka sita ikapita. Nisidanganye, hawakuacha kuonana. Kila mwaka shule ya Dada ilimletea barua iliyopigwa chapa, inaanza "Kwa Mtoa Huduma", na chini kuna sahihi ya dada yake, ileile iliyokuwa kwenye madaftari aliyokuwa anayaazima utotoni. Kila mwaka alikwenda. Getini hakukuwa na mtu wala chupa ya chai. Dada angefika uwanjani saa moja na nusu, na orodha yake mkononi, na kusema, "Habari za kazi. Tao liwe tayari saa mbili." Naye angejibu, "Litakuwa tayari, Mwalimu." Basi. Akirudi nyumbani mkewe alikuwa anamwuliza, "Amesema nini mwaka huu?" na fundi alikuwa anayarudia maneno yale nane, huku anajaribu kukumbuka kama sauti ilikuwa nzito kuliko mwaka jana au nyepesi. Mwanamume mzima, ana ndevu zenye mvi, anachambua "habari za kazi" kama mtu anayechambua mchele.

Watu walimwambia aende nyumbani kwake, apige hodi, amalize. Alikwenda mara mbili. Mara zote mbili alifika kwenye kona, akaona nguo zimeanikwa, akafikiria kitanda cha mama kilichokuwa mle ndani, akarudi. Tao lilikuwa kisingizio chake. Bila tao hakujua angeingilia mlango gani.

Kwa hiyo unaweza kufikiria ilivyokuwa siku karani wa shule alipokaa kwenye kiti cha kati, akiwa amesukwa nusu kichwa, na kusema kwa sauti ya mtu anayetoa habari ndogo, "Mwalimu wa michezo anastaafu mwaka huu. Siku ya michezo ndiyo watamuaga hapohapo. Halafu anahamia kwa binti yake, huko mbali kwa ndege." Mkono wa msusi ulisimama hewani. Katika chumba cha nyuma cherehani ilinyamaza.

Tangu hapo fundi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Kabla Dada hajaondoka, azungumze naye kama ndugu. Hakutaka msamaha wa hotuba. Alitaka amwite tena mdogo wangu, hata mara moja, hata kwa kumfokea. Kama siku hiyo ingepita na habari za kazi zake, ndiyo imetoka hiyo.

Akaamua kushona tao jipya, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi mwanagenzi asingelifanya, kwa sababu mwanagenzi asingekuwa na sababu. Alitaka tao lisilo na kelele. Alikuwa ameichukia mashine ile kwa miaka sita, lakini alikuwa hajawahi kusema. Sasa akawaza: nikishona tao lisilovuja, nitalijaza asubuhi, nitalifunga mdomo, nitazima mashine. Uwanja utakuwa kimya. Dada ataona nimeizima, ataelewa nimeizima kwa ajili yake. Na akisema neno lolote, hata la kunong'ona, nitalisikia.

Alishona mishono miwili miwili. Akapaka gundi kila mshono kwa ndani, akabandika utepe juu ya gundi, akapaka tena. Sebule ilinuka mpaka wateja wakasukiwa nje. Mahali pa zipu ya kutolea hewa akaweka mdomo mrefu wa kitambaa, wa kupotoa na kufunga kwa mpira.

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe si ndiye huwa unawaambia walimu kwamba lazima lipumue?"

"Hili ni tofauti."

"Tofauti kivipi? Hili limetoka mbinguni?"

"Mama, niache."

"Nimekuacha. Lakini sikio la kufa halisikii dawa."

Alilijaribu uani, jioni, jua limeshazama nyuma ya ukuta. Akalijaza, akalifunga, akazima. Lilisimama kwa saa tatu bila kulegea hata kidogo. Fundi alikaa chini yake kwenye kigoda, anasikiliza kimya chake, ameridhika.

Siku yenyewe alifika kabla ya jua. Alitandaza kitambaa chake chekundu na njano kwenye mstari wa mwisho, akafunga kamba, akapanga mifuko ya mchanga miguuni. Pembeni akasimamisha mienge miwili midogo ya zamani, lakini bila upepo, imekaa tu kama mapambo, maana hakutaka chochote kingurume. Akawasha mashine. Tao likajikunjua, likayumba, likasimama zuri, refu, maneno HONGERA UMEFIKA yamenyooka juu kabisa. Akafunga mdomo wa kitambaa kwa mpira, mara tatu. Akazima mashine na jenereta na kuvisukuma mpaka nyuma ya choo cha walimu.

Dada alifika saa moja na nusu. Alikuwa amevaa suti mpya ya michezo na viatu vyeupe, nywele zimepungua mbele. "Habari za kazi," akasema. Akatazama mguu wa tao, akazunguka nyuma, akarudi.

"Mashine yako iko wapi?"

"Nimeizima, Mwalimu."

Dada akaangalia orodha yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Tao liwe tayari saa mbili," akasema, akaenda zake. Lakini alikuwa amesema maneno manne zaidi ya miaka yote, na fundi aliyabeba asubuhi nzima. Alipiga makofi kwenye mbio za magunia mpaka viganja vikamwasha.

Na kweli, uwanja ulikuwa tofauti. Ungeweza kusikia miguu ya watoto kwenye vumbi, na pumzi zao wanapofika. Ungesikia mama mmoja anamwambia mwanawe, "Umekuwa wa saba, lakini umekimbia vizuri." Wapitao chini ya tao walipiga kelele ili wasikie sauti zao zinavyorudi. Fundi alijiambia kwamba alipaswa kufanya hivi zamani, miaka yote hiyo.

Jua likapanda. Hakuna aliyekuwa ameliweka jua kwenye hesabu. Hewa ikipata joto hutanuka, hata mtoto wa darasa la sita anafundishwa hilo, na fundi kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuhitaji kulijua kwa sababu matao yake yalitoa yasichohitaji kupitia mishono. Hili halikuwa na pa kutolea. Kufika saa tano aliona kitambaa kimekakamaa. Saa sita kasoro alilipiga kwa kidole, likalia kama ngoma. Akainama kuangalia mshono wa ndani wa mguu, akaona nyuzi zimeanza kuonekana, nyeupe, zimevutika.

Alijua palepale. Alishika ule mdomo wa kitambaa. Kufungua mpira kidogo tu kungetosha, hewa itoke. Lakini ingetoka kwa mluzi wa kusikika kijiji kizima, kisha tao lingelegea, kisha angelazimika kuileta mashine na kuiwasha. Na wakati huohuo mwalimu mkuu alikuwa ameshika kipaza sauti, anasema, "Sasa tunamwomba mwalimu wetu asimame hapa, chini ya tao, mahali alipowapokea watoto wetu miaka yote, atuambie neno la kuaga."

Dada akaja. Akasimama katikati ya tao, hatua tano kutoka aliposimama mdogo wake. Fundi aliachia mpira. Akajiambia, dakika mbili tu. Amalize kwanza.

"Nilipofika hapa," Dada akaanza, "mwisho wa mbio ulikuwa kamba ya manila." Walimu wa zamani wakacheka. "Nikasema haifai. Mtoto akija anakimbia, akute amesubiriwa. Basi nikamwendea fundi mmoja."

Fundi mmoja. Aliyasikia vizuri sana maneno hayo, maana hakukuwa na kelele yoyote ya kuyafunika. Miaka sita alikuwa ametamani kusikia, na sasa amesikia. Alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyokuwa na madoa ya gundi.

"Fundi huyo..." Dada akasema, na hapo akakwama. Akashusha kipaza sauti, akakipandisha. Watoto mia sita walikuwa wametulia. Mwalimu mkuu akatabasamu kumtia moyo. Na katika kimya hicho fundi alisikia nyuzi, moja, nyingine, tena nyingine, zinakatika juu ya kichwa cha dada yake.

"Dada, toka!" akapiga kelele, akaruka.

Tao lilipasuka kwa mlio uliowalaza watoto wadogo chini. Mshono wa juu ulifunguka wote mara moja, hewa ikatoka kama pumzi ya mtu aliyebanwa muda mrefu, na kitambaa chote, chekundu na njano, kikashuka taratibu na kuwafunika wawili hao.

Ndani mlikuwa na mwanga mwekundu na harufu ya gundi. Fundi alitambaa kwa magoti, anasukuma kitambaa kwa kichwa. "Dada! Dada, umeumia?"

"Sijaumia. Niko hapa." Alikuwa amekaa chini, miguu mbele, filimbi imempanda begani. "Usisimame. Ukisimama utaliinua, watatuona."

Akakaa. Nje kulikuwa na vilio na vicheko na mwalimu mkuu anauliza kitu kwenye kipaza sauti kingine kilichokuwa kinakoroma. Ndani kitambaa kilikuwa kinawagusa vichwa.

"Kwa nini uliizima mashine?" Dada akamwuliza.

"Ili nikusikie. Ulinipigia mara kumi na moja, Dada. Sikusikia hata moja. Mama amekufa ananisubiri."

Dada aliishusha filimbi kutoka begani, akaizungusha vidoleni.

"Hakukusubiri," akasema.

"Mama mdogo aliniambia alikuwa ananiulizia mpaka mwisho."

"Mama mdogo alikuwa nje anapepeta. Mimi ndiye nilikuwa ndani." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Aliniuliza, amefika? Nikasema bado. Akauliza tena, nikasema yuko njiani. Mara ya tatu nikamwambia, huyu hapa ameingia. Nikazunguka upande wa pili wa kitanda, nikampa mkono. Sikusema neno, sauti yangu angeijua. Akaushika. Akasema, 'Mbona mikono yako imekuwa laini hivi, fundi wewe? Siku hizi hushoni?'"

Fundi alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Miaka mitatu nilimwogesha," Dada akasema, "na siku ya kuaga akamuaga mwingine. Aliaga mkono wangu akidhani ni wako. Nilikuchukia kwa hilo. Kisha nikaona aibu kukuchukia. Kila mwaka nikikuona pale na mashine yako nasema leo nitamwambia, halafu nasema habari za kazi."

"Alisema nini kingine?"

"Hilo ndilo lililonishinda kukuletea. Ningelisemaje mimi mwenyewe?" Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Alisema, 'Mwangalie dada yako. Amechoka.' Basi, mdogo wangu. Akalala."

Watoto walikuwa wameshafika. Mikono mingi midogo ilianza kuvuta kitambaa kutoka pande zote, na mwanga mweupe ukapenya upande mmoja.

"Msivute!" fundi akawapigia kelele kutoka ndani. "Acheni kwanza!"

Mikono ikaacha. Akamgeukia dada yake.

"Ulikuwa mkono upi?"

Dada akamnyooshea wa kushoto. Fundi akaushika kwa mikono yake yote miwili. Nje mwalimu mkuu aliuliza tena kwenye kipaza sauti kama kuna mtu ameumia, na hakuna aliyemjibu.